Nyota Yenye Doa Jekundu

Naapa kwa macho yangu yote mawili, la kulia linaloona na la kushoto linalokisia: kila neno katika sura hii ni kweli tupu. Sijatia chumvi wala pilipili. Nikikutwa na uongo, hata mdogo kama kiroboto, nitalipa kwa kitu ninachokipenda kuliko vyote duniani. Mke wangu asiwe na wasiwasi, simsemi yeye.

Sajini alifika nyumbani kwa Kanali asubuhi, akakuta sanduku la nguo limewekwa mlangoni, limefungwa kamba. Alilitazama, akalizunguka, akaingia sebuleni bila kuliulizia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Katika kituo chao cha polisi kesi za pikipiki walipewa wengine. Yeye alipewa zile zinazowachekesha wenzake.

"Nimeambiwa kuna vitabu," alisema.

"Kulikuwa na vitabu," Kanali akajibu. "Sasa kuna upuuzi."

Huyu Kanali hakuwahi kuvaa magwanda, wala hajawahi kupanda ndege. Alikuwa karani wa bohari la mabomba ya maji mpaka alipostaafu. Cheo tulimpa sisi wazee wenzake kwa sababu ya vitabu vyake sita vya mitumba, historia ya ndege za kivita za Wamarekani. Ni vitabu vizito vya kumvunja mtu kidole cha mguu, kila kimoja kimevaa juu ya jalada lake karatasi ya kung'aa ambayo sisi wakusanyaji huiita koti. Mimi nilikuwepo pale kama mtaalamu, maana Sajini aliomba mtu anayejua mambo hayo, na mtaani hapa tunaojua ni wawili tu. Nilimweleza mapema kwamba nyumbani kwangu sina hata kimoja. Vyangu vililiwa na wadudu.

"Nieleze Jumamosi ilikuwaje," Sajini akamwambia Kanali.

"Nilialika wageni. Watu wa maana, afande, mwalimu mkuu mstaafu, daktari wa meno na mkewe. Nikawaambia nitawasomea jinsi marubani walivyorudi na ndege iliyotobolewa kama chekecheke. Nikakitoa kile kikubwa, cha ndege za mabomu. Nikafungua."

"Ukasoma nini?"

"Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Nilimpa mke wa daktari anisomee. Akasoma kwa sauti: 'Ng'ombe mwenye kwato zilizooza asilazwe mahali penye matope.'"

Nilikohoa. Ilinibidi.

"Wakacheka," Kanali akaendelea. "Mwalimu mkuu alicheka mpaka akatoka nje. Tukavua makoti yote. Ndani ya ndege za mabomu, kwato za ng'ombe. Ndani ya ndege za wanamaji, uhasibu wa vyama vya ushirika. Ndani ya zile za mikia miwili, ushonaji wa mapazia! Yote sita hivyo hivyo. Mtu ameninyonya yai akaniachia ganda, nami nimekaa nalifuta vumbi."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, namjua. Shemeji yangu. Anaishi chumba cha nyuma, ana ufunguo, hana kazi ya maana. Jua likizama vitabu havijarudi, anatoka na sanduku lake. Lakini kwanza apige magoti hapa, juu ya zulia hili, mbele ya wale wale walionicheka, aombe radhi kitabu kimoja kimoja. Nimeshawapigia simu. Watakuja jioni."

Nilimtazama macho yake yalivyokuwa yanawaka, nikamwelewa kabisa. Kisasi nakijua utamu wake. Ni kama kujikuna mahali palipowasha muda mrefu.

Sajini alivaa miwani, akasogelea rafu. Vile vitabu vya uongo vilikuwa vimerudishwa ndani ya makoti yao, vimesimama vyote sita. Alisukuma kimoja kwa kidole.

"Huwa unavipanga vipi?"

"Kwa urefu. Mrefu kulia, mfupi kushoto, kama gwaride."

"Na baada ya Jumamosi?"

"Kila kimoja nilikirudisha kwenye nafasi yake, kama nilivyokikuta. Sitaki mtu aguse ushahidi."

Sajini aliinama karibu zaidi. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha kwamba sikuitwa bure.

"Hizo nyota unazoziona mgongoni mwa koti, afande, ndizo alama walizochora kwenye mabawa," nikamwambia. "Hii yenye doa jekundu katikati ndiyo ya kwanza. Vita ilipopamba moto wakalifuta lile doa, kwa sababu adui yao Mjapani alikuwa na duara jekundu, na wenyewe kwa wenyewe wangetunguana. Ikabaki nyota nyeupe tupu. Mwaka uliofuata wakaiongezea vipande vyeupe kushoto na kulia, kama masikio. Na baada ya vita, ndani ya yale masikio wakapitisha mstari mwekundu."

"Kwa hiyo mtu anaweza kujua miaka kwa kutazama nyota tu?"

"Anayejua, ndiyo. Asiyejua ataona nyota, basi."

"Unaeleza vizuri, baba," akasema. Nikavimba kichwa. Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa shati. "Twende kwa huyo shemeji."

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, ndoo, na meza iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Shemeji, kaka wa marehemu mke wa Kanali, alikuwa anaunganisha nyaya. Kila alipokandamiza, meza iliinama upande mmoja kama mlevi anayesalimia, naye akaizuia kwa goti bila kuacha kazi.

"Ulichukua vitabu?" Sajini akauliza.

"Ningechukua, ningechukua kwanza kile kinene niweke chini ya mguu wa meza hii. Umeiona inavyonitesa?"

"Usifanye utani. Leo unaweza kulala kituoni."

Shemeji akaweka chini bisibisi. "Afande, dada yangu alipokuwa hai, mtu asingethubutu kuniwekea sanduku mlangoni. Alipofariki, niliambiwa nisiguse kiti fulani. Halafu nisiguse friji. Sasa naambiwa nimegusa vitabu. Nitaenda wapi? Wateja wangu wote wanakijua chumba hiki. Nikihama na redio zao, nitaitwa mwizi mara ya pili."

Sajini alikuwa amebeba makoti mawili. Akamwonyesha la kwanza.

"Hiki kinahusu nini?"

"Ndege."

"Na hiki?"

"Ndege nyingine."

"Tofauti yake?"

Shemeji akakodoa macho, akatafakari kwa dhati. "Hii imechorwa meno."

"Na nyota hizi?"

"Nyota ni nyota, afande. Unataka nizihesabu pembe?"

Sajini akaguna. Akamgeukia mtaalamu wake, yaani mimi. "Nani mwingine huingia humu ndani?"

"Mimi hapa, mchana, kucheza drafti," nikasema kwa unyenyekevu. "Ninakuja na mkoba wangu wa drafti, tunacheza, Kanali anasinzia katikati ya mchezo, ninaondoka. Lakini kama ningekuwa wewe, afande, ningekwenda kwa muuza mitumba. Ana kinyongo na Kanali. Alibishana naye bei mbele ya wateja mpaka akamwita tapeli."

"Kinyongo ni kitu cha maana," Sajini akasema. "Tangulia."

Duka la muuza mitumba ni uchochoro uliofunikwa mabati, vitabu vimelundikwa pande zote mbili mpaka unapita kiubavuubavu. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ensaiklopidia, anakula karanga.

"Kanali? Nina kinyongo naye?" Alicheka. "Mama yangu, Kanali ni kama mume wangu, ndiye anayenilisha! Nani mwingine siku hizi mtaa huu atanunua kitabu cha uzito wa tofali? Akibishana bei nafurahi, najua atanunua."

"Hivi unavijua?" Sajini akatoa mwongozo wa kwato na ule wa uhasibu.

"Hivyo vilikuwa kwenye kikapu cha bure hapo nje. Watu hujichukulia. Wengine hufungia mboga."

"Nani alivichukua?"

"Bure haina macho, afande."

"Na vile sita vya ndege vya Kanali? Ulimuuzia kwa mpigo, au kimoja kimoja?"

Muuza mitumba aliacha kutafuna. "Vile sita? Vyenye nyota mgongoni? Kanali hakuvipata kwangu. Alivikosa! Alichelewa kila mara, akaja kunililia hapa hapa. Kuna mwenzake aliyekuwa anamwahi." Akanitazama. Mimi nikashikwa na kikohozi kikubwa, cha kutoka magotini.

"Mzee wako ana vumbi kifuani," muuza mitumba akasema, akatema ganda la karanga.

"Twende, afande," nikasema. "Jua linatukimbia, na yule shemeji asije akatoroka."

"Hatoroki, sanduku lake lina kamba tatu," Sajini akajibu. "Mimi nina kiu. Si umesema unakaa karibu?"

Sikuwa nimesema. Lakini mtu mzima hamwambii afande mwenye kiu kwamba hana nyumba.

Mke wangu ana kasoro moja ambayo nimeivumilia ndoa nzima: hasemi uongo. Nimejaribu kumfundisha, hashiki. Alimkaribisha Sajini kama mdogo wake, akamwekea chai, akaketi naye.

"Mzee ananisaidia kesi ya Kanali," Sajini akasema.

"Anakusaidia?" Mke wangu akanigeukia. "Haya."

"Anasema na yeye alikuwa na vitabu, vikaliwa na wadudu."

"Havikuliwa, mwanangu. Yeye alilazwa hospitali, wakamtoa mtoto wa jicho. Kanali akaja hapa, sura ya huruma kama amefiwa. Akaniambia, shemeji yangu, nimevitazama vitabu vya huyu bwana, vina wadudu wanaokula mbao, wakihamia darini nyumba itawaangukia. Nipe nikavichome, nikuondolee tabu. Mimi nikampa vyote sita. Nikamsukumia na toroli."

"Akavichoma?"

"Alirudi na toroli, mikono imejaa majivu. Akaniambia vimewaka kama makuti."

Nilikuwa nimesimama dirishani, nimewapa mgongo. Acha nikuambie, msomaji, jinsi ilivyokuwa kutoka hospitali na kitambaa jichoni, ukakuta rafu yako tupu, halafu wiki ile ile ukaalikwa kucheza drafti kwa rafiki, na kwa lile jicho moja lililobaki ukaviona vitabu vyako vimesimama ukutani kwake kwa urefu, kama gwaride la wajinga. Alikuwa amekuja kunijulia hali wodini. Alinishika mkono, akasema, "Usijali ndugu yangu, nyumbani nitapaangalia." Akapaangalia kweli.

Nilisukuma kete yangu nikashinda mchezo, nikamwambia mkusanyo wake ni mzuri.

"Una rafu nzuri, baba," Sajini akasema nyuma yangu.

"Vitabu vya kawaida tu, afande."

Alisimama mbele ya vitabu sita vilivyofunikwa karatasi ya kaki, vina majina niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko mzuri. *Uhasibu wa Ushirika. Magonjwa ya Kwato. Ushonaji wa Mapazia.*

"Mapazia!" akasema kwa furaha ya ghafla. "Nina madirisha mawili kwangu yako uchi, majirani wananiona nikila. Niazime hiki, baba. Nitakirudisha Ijumaa."

"Hicho hakifai," nikasema haraka. "Ni cha mapazia ya kizamani."

"Nayapenda ya kizamani."

"Kuna kurasa zimechanika."

"Nitashona zilizobaki."

"Mume wangu," mke wangu akaingilia, "wewe na mapazia wapi na wapi? Hata kifungo cha shati nakushonea mimi."

Sajini alikwisha kukifungua. Katikati ya kurasa mbili kulikuwa na ndege ya mikia miwili, inang'aa juu ya mawingu, imekamilika kila msumari. Akaitazama muda mrefu. Nadhani hata yeye ilimgusa kidogo.

"Kabla sijafika hapa nilijua," akasema. "Kanali anapanga kwa urefu. Lakini makoti yale hayakukaa kwa urefu, lile fupi lilikuwa katikati. Nikajiuliza, mwizi amevurugia nini? Halafu ukanieleza nyota. Doa jekundu, nyota tupu, masikio, mstari. Nikatazama tena rafu. Kushoto kwenda kulia, doa jekundu, nyota tupu, masikio, mstari. Hakuna kilichokosea hata nafasi moja. Shemeji mtu anaona meno. Kanali macho yake hayafiki mgongoni mwa kitabu. Mtu aliyevirudisha pale, mikono yake haikuweza kuvumilia miaka ikae ovyo."

Katika hila yote ile niliyoitunga, kumsubiri asinzie, kuchukua kimoja kimoja ndani ya mkoba wa drafti, kukata kadibodi za kuongezea urefu vile vitabu vya kikapu cha bure ili koti likae sawasawa, hilo sikuliwaza. Niliviweka tu. Mikono ilivipanga kama ilivyozoea kuvipanga ukutani kwangu.

"Kwa nini hukuja kituoni?" akauliza.

"Nikasemeje? Nimeibiwa majivu?" Sauti yangu ilinitoka kali, mke wangu akashtuka. "Nilitaka avifute vumbi, afande. Nilitaka awaalike watu. Niliisubiri ile Jumamosi kama mtoto anavyosubiri nguo mpya, na ilipofika nilikuwa nimesimama nje ya dirisha. Nilimsikia mke wa daktari anasoma kwato. Sijutii."

"Na shemeji? Yeye alikunyang'anya nini?"

Nikatoka nje kuitafuta toroli.

Jioni, wageni walikuwa wamekwisha keti kwenye zulia la Kanali, wamevaa kama wanaokwenda harusini. Shemeji alikuwa amesimama kando ya sanduku lake. Sajini aliingia na toroli yetu, vitabu vyote sita juu yake. Nilikuwa nyuma yake naisukuma.

Kanali aliinuka, akavipapasa. Uso ulimchanua, halafu ukanigeukia mimi, ukageuka jiwe. "Wewe! Piga magoti."

"Subiri," Sajini akasema. "Kwanza nimalize maandishi yangu. Hivi vitabu ni vyako?"

"Vyangu!"

"Uliviokota wapi? Kwa sababu mke wa huyu bwana anasema sita kama hivi ulivichoma moto, kwa ajili ya wadudu. Ukarudi na toroli hii hii na majivu mikononi."

Daktari wa meno akaweka kikombe chini. Mkewe akamtazama Kanali, kisha toroli, kisha Kanali.

"Ni... vilikuwa..." Kanali akaanza.

"Chagua moja, mzee wangu. Kama ulivichoma, kitu kilichoungua hakiibiwi, na kesi yako sina. Kama hukuvichoma, nina kesi, lakini mshtakiwa si huyu."

Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ni mcheshi kwa bahati mbaya, akauliza kama wale ng'ombe walipona kwato. Wote wakacheka, safari hii Kanali yupo katikati yao na hana mlango wa kutokea. "Nilivichoma," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, na kuketi.

Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Nilikuwa natamani ile dakika ingewekwa kwenye chupa. Nikashika mikono ya toroli nigeuze, nirudi kwangu kama jemadari.

"Hujamaliza," Sajini akasema. "Shemeji huyu ameitwa mwizi tangu Jumamosi. Wewe ulikuwa unajua, ukakaa. Leo asubuhi ulisimama chumbani mwake ukanielekeza kwa mtu mwingine. Kituoni sitaandika kitu. Lakini malizaneni."

Shemeji alilisogeza sanduku kwa mguu. "Humu silali tena, hata nikibembelezwa," akasema. "Mzee, kwako kuna chumba cha mbele."

"Hicho ndicho chumba changu cha kusomea..."

"Kipo," mke wangu, aliyetufuata, akasema kutoka mlangoni. "Kina mwanga mzuri kwa redio."

"Na tena," shemeji akasema, akaja mpaka kwenye toroli. Alivipima vile vitabu kwa jicho, akainama, akachagua kile kikubwa cha ndege za mabomu. Ndicho cha kwanza nilichokinunua maishani. Nilikitafuta nikiwa kijana, nikakipata nikiwa na mvi. "Hiki kinanitosha."

"Kuna vingine vizuri zaidi," nikasema. "Chukua viwili. Chukua vitatu! Hicho kina thamani, ndugu yangu, hujui..."

"Najua," akasema, akinitazama bila kupepesa. "Nilikuona unavyokipapasa mlipoingia na toroli. Ndiyo maana nakitaka. Meza yangu inayumba."

Niliapa mwanzoni kwamba nikikutwa na uongo nitalipa. Mimi si mtu wa kukwepa kiapo. Ule uongo wa wadudu ni mdogo kama kiroboto tu, lakini hata kiroboto nilimtaja.

Siku hizi shemeji anafanya kazi chumba changu cha mbele, wateja wamejaa mpaka barazani, na kila asubuhi nakwenda kumpelekea chai kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kukiona. Meza haiyumbi tena. Alikivua ile karatasi yangu ya kaki ili kisiteleze, akakilaza chali, na mguu wa meza umekanyaga nyota iliyochapwa jaladani, sawa na ile ya kwenye koti, katikati kabisa, pale penye doa jekundu.